Alama ya Kutoa: Historia ya Usafishaji Ndani ya XFS

Juni 2006 lilitoka toleo la 2.6.17 la kerneli ya Linux. Ndani yake, kwenye msimbo unaosimamia folda za mfumo wa faili wa XFS, mlikuwa na mstari mmoja uliobadilishwa kwa nia njema kabisa. Mstari huo haukuleta huduma mpya wala haukuongeza kasi. Ulikuwa sehemu ya usafishaji: msimbo wa zamani, uliojaa makro zisizosomeka, ulikuwa unaandikwa upya ili chombo cha ukaguzi kiweze kuuelewa na kukamata makosa. Haikuchukua muda, watu waliosasisha seva zao wakaanza kulalamika kwamba folda zimeharibika. Mtu anafuta faili nyingi kwenye folda kubwa, mara mfumo wa faili unajifunga wenyewe kwa kosa la ndani.

Katika programu huria usafishaji hauna sherehe. Mtu anaandika kiraka ambacho hakuna mtumiaji atakayekiona, anakituma kwa barua pepe, wenzake wanakisoma mstari kwa mstari, na kikipita salama hakuna anayejua kuwa kuna kitu kimefanyika. Lakini naamini kazi hiyo ndiyo inayoamua kama mfumo wa faili utaishi miaka mitano au thelathini. Naamini pia kwamba kuikagua ni kugumu kuliko kukagua kitu kipya. Mwenye kiraka cha huduma mpya anasema, tazameni nilichoongeza. Mwenye kiraka cha usafishaji anasema, hakuna kilichobadilika. Mkaguzi inambidi athibitishe kwamba kweli hakuna, katika msimbo ambao aliyeuandika pengine aliacha kazi zamani, na data za watu zimo kwenye diski zinazosomwa na msimbo uleule.

XFS ilizaliwa Silicon Graphics, kampuni ya California iliyozoeleka kwa jina la SGI. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashine zake ndizo zilizokuwa zikitegemewa na watengeneza filamu, wahandisi na wanasayansi waliohitaji picha za kompyuta za hali ya juu. Dinosaria wa kompyuta katika Jurassic Park, filamu ya 1993, walitengenezwa kwa mashine hizo. Mfumo wa faili uliokuwepo wakati huo, EFS, haukuweza kuvuka gigabaiti 8, na faili moja haikuweza kuzidi gigabaiti 2. Kwa kampuni ambayo wateja wake walikuwa wakihifadhi video, huo ulikuwa ukuta. Isitoshe, umeme ukikatika, ilibidi diski nzima ipekuliwe kabla mashine haijaanza kazi tena, na kadiri diski ilivyokuwa kubwa ndivyo watu walivyozidi kusubiri.

Kazi ya kuandika mfumo mpya ilianza 1993, na mwishoni mwa 1994 ukatoka pamoja na IRIX 5.3, mfumo endeshi wa SGI. Januari 1996 Adam Sweeney na wenzake watano waliueleza muundo wake kwenye mkutano wa USENIX mjini San Diego. Ulitumia nambari za biti 64, miti ya B+ kwa kutafuta nafasi na faili, na logi ya mabadiliko iliyowezesha mashine kuinuka upesi baada ya kuanguka. Misingi hiyo bado ipo hadi leo. Waliofika baadaye walibadilisha karibu kila kitu kilichoizunguka, na wakaiacha yenyewe mahali pake.

Mei 1999 SGI ilitangaza kwamba itaitoa XFS kama programu huria. Kutangaza ni rahisi. IRIX ilijengwa juu ya UNIX System V, ambayo haki zake zilikuwa mikononi mwa wengine, kwa hiyo kabla ya mstari mmoja kutoka nje ilibidi msimbo wote ulinganishwe na ule wa UNIX ili kuhakikisha hakuna kilichonakiliwa. Hayo ndiyo mapitio ya kwanza makubwa ya msimbo wa XFS, na swali lake lilikuwa moja tu: hiki ni cha nani? Msimbo ulitoka mwaka 2000 chini ya leseni ya GPL, toleo la 1.0 kwa ajili ya Linux likafuata Mei 2001, na Septemba 2002 XFS ikaingia rasmi kwenye kerneli, katika toleo la 2.5.36.

Swali la umiliki halikuishia hapo. Mwaka 2003 kampuni ya SCO, iliyodai kuwa mmiliki wa UNIX, ilitishia kuifutia SGI leseni yake, na XFS ikiwa miongoni mwa sababu ilizozitaja. SGI ilijibu hadharani Oktoba mwaka huo kwamba imepekua tena na kukuta vipande vidogo, kama mistari 200 hivi, kati ya zaidi ya mistari milioni moja iliyoichangia Linux, na kwamba imekwisha kuviondoa. Mwaka uliofuata, kutokana na madai ya SCO, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianzisha utaratibu wa kila mwenye kiraka kuweka sahihi kwamba ana haki ya kukitoa. Wengi wanaotuma viraka leo huandika mstari ule wa sahihi kwa mazoea, na hawajui kwamba ulitokana na ugomvi huo wa umiliki.

Umiliki ulipotulia, yalibaki maswali ya ufundi, na hayo yalikuwa mengi. XFS ilifika Linux ikiwa na desturi za nyumbani kwake. Waliohamisha msimbo wake hawakuuandika upya. Waliuzungushia tabaka la tafsiri, ili msimbo wa ndani uendelee kuamini kwamba bado uko ndani ya IRIX. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Mfumo wa faili uliojaribiwa kwa miaka na wateja wa kweli hauvunjwivunjwi siku unapobadilishiwa makazi. Ila tabaka la tafsiri nalo lina gharama, na gharama hiyo ililipwa na waliofuata.

Chukua mpangilio wa baiti. Mashine za SGI zilitumia prosesa za MIPS, zilizoandika nambari kwa kutanguliza baiti kubwa. Nambari 1 yenye biti 32 huandikwa 00 00 00 01. Prosesa za Intel hutanguliza baiti ndogo, hivyo nambari ileile huandikwa 01 00 00 00. Diski za XFS zilishika mpangilio wa MIPS na zimebaki nao, maana huwezi kuwaambia watu data zao zimebadilika sura. Kwa hiyo kwenye Intel kila nambari inayotoka au kwenda diskini lazima igeuzwe. Ukisahau, 1 inasomeka kama 16777216.

Waliohamisha XFS walilitatua hilo kwa makro: moja ya kusoma, moja ya kuandika, nyingine ya kuongeza au kupunguza thamani iliyoko hukohuko kwenye muundo wa diski. Zilifanya kazi, lakini zilificha mambo. Kompaila haikuwa na njia ya kujua nambari ipi imegeuzwa na ipi haijageuzwa. Zote zilikuwa nambari tu. Mwaka 2003 Torvalds alianza kuandika Sparse, chombo kinachosoma msimbo wa kerneli na kuonya pale aina zinapochanganywa. Mwandishi wa programu anaweza kuitambulisha nambari kwamba ni ya biti 32 yenye baiti kubwa mbele, na Sparse italalamika kila itakapotumiwa bila kugeuzwa. Ni chombo kizuri mno, na XFS ilikuwa na haja nacho kuliko mifumo mingi. Usafishaji wa miaka ya 2005 na 2006 ulikuwa ni kuondoa zile makro, faili baada ya faili, na kuweka aina ambazo Sparse ingezielewa.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa Juni 2006. Folda ndogo ndani ya XFS hukaa kwenye rekodi yake yenyewe. Ikikua hupewa bloku, na ikizidi kukua hupata pia bloku za pekee za kuorodhesha nafasi iliyo wazi. Kila bloku ya orodha hiyo ina kichwa, na ndani ya kichwa kuna hesabu ya vipengele vinavyotumika. Faili zikifutwa hadi bloku moja ya data ikabaki tupu, bloku hiyo huondolewa na hesabu hupungua kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, bloku ya orodha nayo huondolewa.

Makro ya zamani ilisema: iongezee hesabu hii thamani ya kutoa moja. Mstari mpya ukasema: hesabu hii iwe kutoa moja. Juu yake tu palikuwa na maelezo ya mwandishi wa awali, yaliyosema wazi kwamba kipengele kimoja kinapungua kwenye orodha.

Sparse haikulalamika, na isingeweza kulalamika. Aina ilikuwa sahihi, ugeuzaji ulikuwepo, na alama ya kutoa moja ilikuwa palepale ilipokuwa tangu zamani. Kilichobadilika ni kitendo, kutoka kupunguza kwenda kuweka. Tena kutoa moja kwa biti 32 ni FF FF FF FF, ambayo ukiigeuza baiti zake inabaki vilevile, hivyo hata anayetazama baiti diskini haoni dalili ya mpangilio uliokosewa. Majaribio ya kawaida ya SGI hayakulinasa kosa hilo, kwa kuwa lilihitaji folda kubwa, iliyojazwa kisha ikafutwa kwa namna fulani. Kuanzia hapo hesabu haikufika sifuri kamwe. Bloku ambazo zingeondolewa zilibaki, folda ikashindwa kurudi kwenye umbo lake dogo, na msimbo mwingine uliokuja kuisoma ukakuta hali ambayo haikutakiwa kuwepo.

Marekebisho yalitoka Julai katika 2.6.17.7. Yalikuwa ya mstari mmoja. Lakini kurekebisha msimbo hakukurekebisha diski zilizokwisha kuandikwa vibaya, na xfs_repair ya wakati huo, programu ya kutengeneza diski za XFS, haikuwa ikiusahihisha uharibifu wa aina hiyo. Ilibidi watu wasubiri toleo la 2.8.10. Hapo ndipo mfumo wa faili unapoachana na programu nyingine. Kosa kwenye kivinjari huisha ukikifunga na kukifungua. Kosa kwenye mfumo wa faili hubaki diskini, likimsubiri atakayeifungua ile folda.

Ingewezekana kabisa watunzaji wa XFS waogope, waseme msimbo wa zamani uachwe ulivyo kwa kuwa unafanya kazi. Nimeona miradi iliyochagua hivyo, na uamuzi wake siku zote una sura ya hekima. Hawa hawakuchagua hivyo. Waliendelea kusafisha, tena kwa nguvu zaidi, na kilichobadilika ni namna ya kukagua.

Mwaka 2007 Christoph Hellwig alituma viraka vya kuondoa tabaka zilizotoka IRIX, zile zilizoruhusu tabia za mfumo wa faili kupangwa kama mnyororo, moja juu ya nyingine. Ndani ya Linux hazikuwa na kazi ya maana. Zilihitajika zaidi na CXFS, bidhaa ya SGI isiyokuwa huria, iliyowezesha mashine nyingi kutumia diski moja kwa pamoja. Hapa mapitio yaligusa jambo lisilo la kiufundi. SGI ndiyo iliyokuwa ikiwalipa watunzaji wengi wa XFS, na tabaka zilizokuwa zikiondolewa zilikuwa na faida kwake. Hata hivyo viraka vilipokewa, na vikaingia kwenye kerneli 2.6.24 kwa mkono wa mtunzaji aliyekuwa mfanyakazi wa SGI. Naliheshimu sana tendo hilo. Kampuni iliutoa msimbo wake, kisha ikakubali msimbo huo uache kuwa wake.

Aprili 2009 SGI ilifilisika, na mali zake zikanunuliwa na Rackable Systems, iliyochukua na jina lake. Mfumo wa faili unaotegemea kampuni moja ungeweza kufa hapo. XFS haikufa, maana kufikia wakati huo msimbo wake ulisomeka kwa watu wa nje. Waliokuwa SGI, kama Dave Chinner wa Australia na Eric Sandeen wa Marekani, waliendelea na kazi ileile wakiwa kampuni ya Red Hat. Julai 2010 Hellwig aliondoa sehemu za kuunganishia kiolesura cha DMAPI, zilizokusudiwa kwa mifumo inayohamishia faili kwenye kanda. DMAPI yenyewe haikuwahi kuingia kwenye kerneli rasmi, lakini sehemu zake hizo zilikuwa zimesambaa hadi kwenye njia zinazopitwa na kila ombi la kusoma na kuandika. Kiraka kiliondoa zaidi ya mistari 700, na kwa mtumiaji hakuna kilichopotea.

Kuna kipande kimoja cha mwaka 2011 ambacho kila anayejifunza kukagua msimbo angefaidika kukisoma. XFS ilikuwa na fanksheni iitwayo xfs_bmapi, yenye kazi ya kujibu swali la msingi: sehemu hii ya faili iko wapi diskini? Fanksheni hiyo ilijibu swali hilo, na pia ilitenga nafasi mpya, na pia iliweka ahadi ya nafasi itakayotengwa baadaye, na pia ilibadilisha hali ya vipande vilivyokwisha kutengwa. Kilichoamua ni bendera ilizopewa na aliyeiita. Kuisoma kulihitaji kushika kichwani michanganyiko yote ya bendera kwa wakati mmoja, na mingine haikuwa na maana yoyote.

Chinner na Hellwig waliigawa. Hawakuifuta na kuandika mpya kwa kiraka kimoja kikubwa. Kwanza ilitolewa njia ya kusoma tu, ikaitwa xfs_bmapi_read, na waitaji wote waliotaka kusoma wakahamishiwa huko. Kisha ikatengwa njia ya kuahidi nafasi. Iliyobaki ikawa xfs_bmapi_write, ikavunjwavunjwa vipande vidogo. Jina la zamani likaondoka. Kila kiraka kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu aliweza kukisoma akakimaliza na kuridhika, na baada ya kila kimoja kerneli iliweza kujengwa na kujaribiwa. Kanuni hiyo sasa ni ya kawaida miongoni mwa watunzaji wa XFS: kiraka kinachohamisha msimbo kisibadilishe kitu, na kinachobadilisha kisihamishe. Mkaguzi anayepewa vyote viwili ndani ya kiraka kimoja hana uwezo wa kuona, hata awe makini namna gani.

Tangu 2007 kerneli ina alama maalumu ya kuonyesha kwamba mtu amekikagua kiraka, na nyaraka zake zinaeleza maana yake. Anayeweka jina lake anasema amekisoma kwa ufundi, ameyapeleka maswali yake kwa mwandishi na kuridhika na majibu, na anaamini kiraka kinafaa kuingia. Hadai kwamba hakina kosa. Ndani ya XFS alama hiyo haitolewi kwa hisani. Pamoja nayo kuna xfstests, mkusanyiko wa majaribio ulioanzia SGI, ambao leo unatumiwa pia na watengenezaji wa ext4, Btrfs na mifumo mingine. Hitilafu ikipatikana, jaribio lake huongezwa humo, na kiraka cha kesho kinapita mbele ya makosa yote ya jana.

Haya yote yalipata mtihani wake mkubwa Juni 2014, na mtihani ulihusu tena alama ya kutoa.

Ndani ya IRIX fanksheni iliyoshindwa ilirudisha nambari ya kosa ikiwa chanya. Diski imejaa: 28. Diski imeshindwa kusoma: 5. Ndani ya Linux nambari hizo hurudishwa zikiwa hasi, kwa sababu fanksheni ileile ikifaulu inaweza kurudisha idadi ya baiti zilizoandikwa. Hasi ni kosa, chanya ni mafanikio. XFS ilifika na desturi yake ya chanya, na kwa zaidi ya miaka kumi iliishi hivyo: ndani chanya, mpakani alama ya kutoa inawekwa, nambari inatoka ikiwa hasi. Ikiingia kutoka kwenye kerneli, inageuzwa tena. Mipaka ilikuwa mingi, na baadhi ya fanksheni zilikuwa zinaitwa na pande zote mbili.

Fikiria kilichoweza kutokea mtu akisahau. Programu imeomba kuandika, diski imejaa, na mpakani alama haikuwekwa. Inayotoka ni 28 chanya. Programu inasoma jibu hilo kuwa baiti 28 zimeandikwa salama, na inaendelea na shughuli zake. Kila kiraka kilichogusa mpaka kilimtaka mkaguzi ajiulize nambari hii iko upande gani, na kila mwandishi mpya aliyetoka sehemu nyingine ya kerneli alikosea hapo angalau mara moja.

Kazi ilianza kwa kuondoa kizuizi. Sandeen alifuta makro iliyoitwa XFS_ERROR, ambayo zamani ilikusudiwa kunasa makosa wakati wa kutafuta hitilafu, lakini ilitumika hapa na kusahaulika pale, na vyombo vipya vya kerneli viliweza kufanya kazi yake vizuri zaidi. Siku chache baadaye Chinner akageuza alama katika msimbo wote wa XFS kwa kiraka kimoja. Hapa alivunja kanuni ya viraka vidogo, na alikuwa na sababu: nusu ya msimbo ikiwa chanya na nusu hasi ni hali mbaya kuliko zote mbili. Badala yake, kwenye maelezo ya kiraka aliorodhesha amri za utafutaji alizotumia kuyapata maeneo ya kubadilishwa. Kwa hiyo mkaguzi hakulazimika kumwamini kwa neno lake. Aliweza kuziendesha amri zilezile mwenyewe na kuona kama kuna mahali pameachwa. Mimi nalihesabu hilo kuwa tendo la heshima kubwa kati ya mafundi wawili: mwandishi anampa mkaguzi njia ya kumpinga. Badiliko liliingia kwenye kerneli 3.17 mwaka huohuo.

Mwezi uleule wa Juni 2014 Red Hat ilitoa RHEL 7, mfumo wake wa Linux kwa seva, XFS ikiwa ndiyo chaguo la kawaida la mfumo wa faili. Mfumo uliozaliwa kwa ajili ya mashine za picha za California sasa ulikuwa kwenye seva za kawaida kabisa, na wengi waliozitumia hawakuwahi kulisikia jina lake.

ReiserFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, ilipata mwisho tofauti. Iliingia kwenye kerneli ya kawaida Januari 2001, katika 2.4.1, ikiwa ya kwanza yenye logi, mwaka mzima na zaidi kabla ya XFS. Waandishi wake walihamia kwenye mradi mpya, na ya zamani ikabaki na watu wachache wa kuizibia nyufa. Februari 2022 Matthew Wilcox, mmoja wa watengenezaji wa kerneli, aliuliza kama wakati wa kuiondoa umefika. Hoja yake ilitokana na usafishaji: kulikuwa na bendera moja kwenye msimbo wa pamoja wa mifumo yote ya faili, ambayo sasa ilikuwa ikitumiwa na ReiserFS peke yake, na mifumo mingine yote iliendelea kuibeba. Mwenzake Jan Kara alipitisha onyo rasmi kwa watumiaji mwaka huo, na katika 6.13, iliyotoka Januari 2025, ReiserFS haimo tena. Iliharibika huku hakuna aliyeigusa, kwa kuwa kila kilichoizunguka kiliendelea kubadilika.

XFS bado haijamaliza usafishaji wake, na sehemu iliyobaki ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haiko ndani ya msimbo peke yake. Muundo wa diski wa toleo la 4 hauna hesabu za kuhakiki kama taarifa za mfumo zimeharibika, na saa zake haziwezi kuvuka mwaka 2038. Toleo la 5, lililoanza kuonekana kwenye kerneli 3.10 mwaka 2013, lina hesabu hizo, na kuanzia 5.10, ya Desemba 2020, linaweza kuhesabu saa hadi mwaka 2486. Kutunza miundo yote miwili ni kumtaka kila mkaguzi aulize maswali mara mbili. Lakini hakuna kiraka kinachoweza kugeuza diski ya toleo la 4 kuwa la 5. Mwenye diski lazima anakili faili zake pembeni, aiumbe upya, kisha azirudishe.

Watunzaji waliweka ratiba, na wakaiandika ndani ya kerneli yenyewe, kwenye maelezo ya kuchagua huduma hiyo. Kuanzia Septemba 2025 msaada wa toleo la 4 haujengwi tena kwa kawaida, na Septemba 2030 utaondolewa kabisa. Matoleo ya kwanza ya RHEL 7 na ya ndugu yake CentOS 7 yalikuwa bado yakiumba diski za toleo la 4, kwa hiyo seva za aina hiyo zilizowekwa miaka ile na kuachwa zikifanya kazi zina muda wa kuhesabika. Anayesimamia seva ya zamani anaweza kuendesha xfs_info kwenye diski yake na kutafuta neno crc. Likifuatwa na 1, diski ni ya toleo la 5. Likifuatwa na 0, afadhali aanze sasa kupanga siku ya kuhamisha faili zake.